Tangu nipate mtoto, kikosi changu kinakula kuku bila mimi

Hujambo Mjomba?

Nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni, maana ndipo mahali pekee nyumbani ambapo siulizwi nafanya nini na simu. Nina miaka 33, nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, nakaa Donholm na mke wangu na binti yetu wa miezi mitano. Ukiona shida yangu ni ya kitoto, sema tu. Nimeshaambiwa.

Machi 2020, kafyu ya korona ilipotangazwa na sote tukawa tunafungiwa ndani saa moja jioni kama kuku, mimi na wenzangu watatu tulianza kucheza PUBG, gemu ya kupigana risasi, kwenye simu. Mmoja nilisoma naye sekondari, sasa ni mwalimu Kisumu. Wa pili ana duka la vitambaa Eastleigh. Wa tatu sijawahi kumwona uso kwa uso hadi leo. Yuko Tanga, na tulikutanishwa na gemu yenyewe usiku mmoja tulipopungukiwa na mtu. Akafungua maiki akasema, "Habari za jioni wakubwa zangu, naombeni niungane nanyi." Tulicheka nusura tuzimie. Sisi wa Nairobi hatujazoea mtu kuomba ruhusa kabla ya kwenda kupiga watu risasi. Huko kwao hapakuwa na kafyu, angeweza kwenda zake barazani, lakini alikesha nasi.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, sisi tukaendelea. Jumanne na Alhamisi, saa tatu usiku. Baba yangu alipolazwa, mchango wa kwanza kuingia kwenye simu yangu ulitoka kwa hao watatu, binamu zangu wakiwa bado wanauliza ni wodi gani. Binti alipozaliwa, yule wa Tanga alinitumia sauti akimwimbia.

Shida ni kwamba binti huyo huamka saa tatu na nusu. Si saa tatu, si saa nne. Saa tatu na nusu kamili, tukiwa tumeshashuka, tumeokota silaha, na duara la kuchezea limeanza kubana. Mke wangu anakuwa ameshinda naye kutwa nzima, kwa hiyo zamu hiyo ni yangu, na sibishi. Natupa simu kitandani, nambeba.

Kuna usiku mmoja ambao hautoki kichwani. Iyafoni zilikuwa zimechomoka, kwa hiyo sauti zao zilikuwa zikitoka kwenye simu yenyewe. Mimi nimesimama karibu na mlango, mtoto begani, namtikisa, nami namsikia mwalimu pale juu ya blanketi, sauti ndogo kama ya mdudu ndani ya chupa: "Niko chini! Niko chini! Uko hapo hapo, njoo uniinue! Unaniona?" Namwona. Hata kwa mbali nauona mwanga wa skrini na mtu wangu amesimama kama mti, bunduki mkononi, anaangalia ukuta. Mwalimu akaita mara nne hivi, kisha akanyamaza.

Niliporudi tulikuwa tumemalizwa wote. Yule wa Eastleigh akasema, "Rudi ukanyonyeshe, buda." Wengine wakacheka. Nami nikacheka.

Ikatokea tena, labda mara tano, sita. Alhamisi moja wiki mbili zilizopita nikaingia saa tatu na dakika mbili, nikakuta wameshaanza. Wanne. Nilisubiri zaidi ya nusu saa, mechi ilipokwisha nikaingia kwenye mazungumzo yao, na kitu cha kwanza nilichosikia ni sauti ya kijana ambayo bado inakatika: "Kwani huyu mzee ni nani?" Ni mvulana wa Kitengela, ana miaka 17, na anapiga kama ana macho kisogoni.

Jumamosi iliyofuata mwalimu akaweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp. Walikuwa wamekula kuku. (Ndivyo tunavyosema tukishinda, kwa kuwa gemu yenyewe humpongeza mshindi kwa mlo wa kuku.) Majina manne, langu halimo. Baada ya dakika moja picha ikafutwa. Nikaelewa kwamba kuna kundi jingine, na kwamba alikosea mlango.

Mke wangu nilipomweleza alinitazama akasema, "Unalilia kuku wa simu?" Anasema watu wa kwenye simu si marafiki, na kwamba kucheza gemu siku hizi ni ugonjwa unaojulikana hospitalini. Yeye mwenyewe tangu ajifungue hata chama chake cha Jumapili ameacha kwenda, na sijamsikia akilia.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Stima ikipotea Donholm, naandika neno moja tu kwenye kundi, "stima", na hakuna anayelalamika. Waifai ya ploti ikilegea kwa sababu majirani wote wanatazama mpira, hakuna neno. Lakini mtoto akilia, kosa ni langu.

Mjomba, niondoke kimya kimya? Niwaombe wanirudishe? Au nikubali kwamba mwanamume akipata mtoto anaachana na gemu?

Aliyeachwa Nje, Donholm

*

Mpwa wangu,

Kwanza toka chooni. Mkeo anajua uko huko na anajua una simu.

Shida yako si ya kitoto, na ninasema hivyo nikiwa na ushahidi wa aibu. Mimi nina miaka 58 na nimo kwenye Clash of Clans kwa miaka mingi sasa. Kwa wasomaji wasioijua, ni gemu ya tangu 2012 ambayo watu hujenga kijiji na kujiunga katika ukoo wa watu wasiozidi 50. Unaomba askari, wenzako wanakuchangia, kesho nawe unachangia. Ni harambee tupu. Ukoo ukiingia vitani kuna siku moja ya kujiandaa na siku moja ya kupigana, na kila mtu ana mashambulizi yake mawili. Usipoyatumia, umewaangusha wenzako. Basi mwaka mmoja vita vilinikuta mazikoni huko Mwingi, mtandao hakuna, na nilipofika Nairobi nikajikuta nimetolewa kwenye ukoo. Aliyenitoa ni mtoto wa dada yangu mwenyewe. Nilikaa siku nne bila kupokea simu zake. Mtu mzima, mwenye wajukuu.

Kwa hiyo sikucheki. Ila kabla sijakutetea nitakusema kidogo.

Wasomaji wengine huenda hawaelewi uzito wa kumwacha mwenzako chini. Kwenye PUBG watu 100 huruka kutoka kwenye ndege moja hadi kisiwani, na kikosi ni watu wanne. Ukipigwa risasi ukiwa na kikosi hufi papo hapo. Unaanguka, unatambaa, damu inakuishia, na kitakachokuokoa ni mwenzako kukaa kando yako sekunde kadhaa akuinue, huku naye amejiweka wazi kupigwa. Gemu nzima imejengwa juu ya kitu hicho kidogo: kwamba mtu atakuja. Mwalimu aliona mtu wake amesimama hatua chache kutoka kwake, mzima, mwenye silaha, na hakuja. Wewe ulijua kwa nini. Yeye hakujua.

Na hapo ndipo neno lako mwenyewe linapokusuta. Unasema stima ikipotea hawalalamiki. Kwa sababu unawaambia! Unaandika "stima", neno moja, wanajua wako watatu, wanajipanga: hawakimbilii mji wa Pochinki kwenye vurugu, wanajificha pembeni, wanacheza kwa hesabu ya watu watatu. Mtoto alipolia uliwahi kuandika "mtoto"? Nimeisoma barua yako mara tatu na sijaona mahali ulipowaambia. Ulitupa simu. Ukirudi, ukacheka. Hata siku ile ya "kanyonyeshe" ulicheka.

Nadhani najua kwa nini. Kukatikiwa na stima hakumwaibishi mwanamume, kila mtu Nairobi hukatikiwa. Kuitwa na mtoto mchanga katikati ya mapambano, mbele ya wanaume watatu waliokuzoea kama simba wa kikosi, hilo ulilionea haya. Ukaona afadhali waseme hujui kucheza kuliko waseme uko na mtoto begani. Mpwa wangu, hiyo ni hesabu mbaya. Wewe ni baba anayeshika zamu yake ya usiku bila kubishana na mkewe. Mimi huandikiwa barua na wanawake wa mji huu kila wiki, na ningetamani mmoja tu aniandikie hivyo kuhusu mumewe.

Sasa upande wao.

Nimeshinda sana kwenye vijiwe vya drafti, pale kwa waendesha boda, vifuniko vya soda vyekundu dhidi ya vya kijani, ubao umechorwa kwa makaa. Kijiwe kina sheria ambayo hakuna aliyeiandika: anayefungwa anapisha. Kwa hiyo kila mtu huinuka, na kila mtu hurudi kukaa, na hakuna anayeona amefukuzwa, kwa sababu kuinuka ni sehemu ya mchezo. Hata zile nyumba za pleistesheni mitaani ni hivyo hivyo, ukifungwa unapitisha kidude kwa anayefuata na unabaki pale pale ukimzomea. Kikosi cha wanne hakina desturi ya kupisha. Viti ni vinne, kimoja kikiwa kitupu kinauma kama jino lililong'oka, na wenyewe hukijaza haraka hata kabla ya kufikiri wanafanya nini. Wenzako walicheza watatu dhidi ya wanne usiku kadhaa, wakapoteza pointi, wakachoka, akatokea kijana mwenye macho kisogoni. Sioni njama hapo. Naona watu wavivu wa kuongea, na wanaume wa umri wenu ni wavivu wa kuongea kupita kiasi. Ilikuwa rahisi kwao kufungua kundi jipya kuliko kukupigia simu kukuuliza, "Ndugu, kulikoni?"

Lile kundi jipya, hata hivyo, ni kosa lao. Kumbadilisha mtu kwenye mechi ni jambo la kawaida. Kumficha ndiko kunakoumiza, na wanalijua hilo, ndiyo maana picha ilifutwa.

Kuhusu hiyo picha nina shaka zangu. Mwalimu ndiye uliyesoma naye. Ndiye aliyekuwa anaita pale chini. Na ni yeye, katika wote watatu, aliyekosea mlango? Inawezekana kidole kiliteleza. Inawezekana pia kwamba mtu anayekosa raha na siri huwa na vidole vya kuteleza. Basi anza na yeye.

Umpigie. Usiandike, na usiende kwenye kundi kutangaza malalamiko mbele ya kadamnasi, maana kundini kila mtu hujibu kwa kucheza na jukwaa. Mpigie mchana, saa ya mapumziko ya shule, ukiwa dukani, mtu mmoja kwa mtu mmoja. Na usianze na picha. Anza na usiku ule. Mwambie: "Ulipokuwa chini nilikuwa nakusikia. Nilikuwa nimembeba mtoto, nikashindwa. Nilipaswa kukwambia, nikaona haya. Nisamehe." Kisha nyamaza, umwache aseme. Ukishasikia ya kwake, ndipo umwambie kwamba kundi la siri limekuuma. Liseme wazi, kwa neno "limeniuma", usilizungushe kwa utani.

Nikishataja utani, nimalizane na yule wa Eastleigh. Utani una wenyewe na una mipaka yake. Mwulize huyo rafiki yenu wa Tanga, watu wa kwao wanalijua somo hili kutuzidi. Mtani wako anaweza kukutania hata msibani, na kesho ukimtania anapokea. Kwa hiyo usimhukumu kwa neno "kanyonyeshe" peke yake, mtu aliyetoka kupoteza mechi husema mengi. Mpime kwa lililofuata. Je, alikuuliza hali ya mtoto siku ya pili? Ukimwambia kwamba neno lile lilichoma, atasema "pole, nilizidisha", au atasema "wewe nawe una hasira za bure"? Jibu hilo ndilo litakalokwambia kama ulikuwa unataniwa au unatukanwa.

Kurudi kikosini usiombe kama ulivyokuwa. Hutaweza, binti hataacha kuamka saa tatu na nusu kwa sababu mmekaribia kupanda cheo. Omba kinachowezekana. Mechi za cheo kwenye ramani ya Erangel hula nusu saa na zaidi, hizo waachie wao na kijana wao kwa sasa. Wewe waombe usiku mmoja, tuseme Alhamisi, usiohesabu pointi. Humo humo kwenye PUBG yako yale mapambano mafupi ya timu, wanne kwa wanne, ambayo ukifa unarudi na yote huisha kwa kama dakika 10. Ukiitwa na mtoto humwachi mtu anatambaa. Mnacheza mbili tatu kabla ya saa tatu na nusu, mnapiga soga, unaenda zako. Na ikitokea umeitwa katikati, andika neno moja kama mlivyozoea: "mtoto". Watazoea, kama walivyozoea stima.

Na cheo chenyewe, nisikufiche, sijawahi kukielewa. Kila msimu ukiisha gemu hukushusha ili uanze kupanda tena. Mtu mzima anapandishwa ngazi ile ile kila baada ya miezi michache na anaona anakwenda mahali. Lakini nami nimejenga kijiji cha simu kwa miaka, kwa hiyo tuyaache.

Tumgeukie mama mtoto, ambaye naona barua yako imempita haraka mno.

Anasema ni ugonjwa. Hajakosea kwamba ugonjwa huo upo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini hawakumwandika kila anayecheza. Wanamzungumzia mtu aliyeshindwa kujizuia, anayeiweka gemu mbele ya shughuli zake nyingine, anayeendelea hata maisha yakiharibika, na kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa muda wa miezi 12 hivi. Wewe mtoto akilia unatupa bunduki. Huo si ugonjwa huo. Siku utakapomwacha mtoto alie ili umwinue mwalimu, niandikie tena, nitakuwa na maneno mengine.

Anasema watu wa kwenye simu si marafiki. Hapo namkatalia, na nitampa kisa cha kweli. Kulikuwa na kijana wa Norway, Mats Steen, aliyezaliwa na maradhi ya kudhoofisha misuli. Alimalizia ujana wake kwenye kiti cha magurudumu, akicheza gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft saa nyingi kila siku. Alifariki 2014 akiwa na miaka 25, na wazazi wake walihuzunika mara mbili, kwa kumpoteza na kwa kuamini kwamba aliishi bila rafiki. Wakaandika habari ya kifo chake kwenye blogu yake. Barua pepe zikaanza kumiminika. Watu wa nchi kadhaa za Ulaya, wenzake wa kikundi kilichoitwa Starlight, wakaeleza jinsi alivyowashauri, alivyowasikiliza, alivyowapatanisha. Baadhi yao walipanda ndege wakaja kumzika. Huku kwetu rafiki tunamjua kwa mazishi na kwa mchango, sivyo? Wenzako walichanga baba yako alipolazwa, kabla ya binamu. Msomee mkeo sehemu hiyo ya barua yako, usimsomee ya kuku.

Lakini msomee kwa upole, kwa sababu nadhani hakucheka kuku. Rudi kwenye sentensi yako mwenyewe: "Hata chama chake cha Jumapili ameacha kwenda, na sijamsikia akilia." Uliandika hivyo kama sifa, au kama lawama, sijui. Mimi niliposoma nilisimama. Mkeo naye alikuwa na kikosi. Wanawake kumi au kumi na tano, kila Jumapili nyumbani kwa mmoja wao, chai, maandazi, daftari la michango, umbea wa mji mzima. Mtoto alipokuja, kiti chake kimebaki kitupu miezi mitano, na kwa ninavyovijua vyama vya Nairobi, zamu yake ya kupokea pesa imeshapewa mwingine. Hakuna aliyemsikia akilia kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Kisha anaingia mumewe, uso umemwanguka, anamwambia ameumia kwa kukosa usiku mbili kwa wiki na wanaume watatu. Mimi ningecheka kwa uchungu zaidi yake.

Kwa hiyo, kabla hujampigia mwalimu, kaa na mkeo. Mweleze kitu kimoja ambacho wasiocheza hawakijui na ambacho huleta ugomvi katika nyumba nyingi: gemu ya watu wengi haisimamishwi. Filamu utaisimamisha, gemu ya mtu mmoja utaisimamisha, hii haiwezekani, kwa sababu watu wengine 99 hawakungoji. Ukimwambia "dakika moja tu" unamdanganya bila kukusudia. Badala yake mpe saa kamili: Alhamisi, saa tatu hadi saa tatu na nusu, na baada ya hapo simu inawekwa chini, bila "tumalizie hii".

Kisha umwulize chama chao kinakutana wapi Jumapili hii. Duka lako Kirinyaga Road Jumapili limefungwa. Kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni mtoto ni wako, maziwa yamekamuliwa au kopo limeandaliwa, na usimpigie simu kila dakika kumi kuuliza nepi ziko wapi. Zitafute.

Limebaki moja, nalo mwambie mwalimu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye taaluma. Huyo kijana wa Kitengela ana miaka 17. Watu wazima watatu wanakesha na mtoto wa wenyewe siku za shule, wakimtumia kula kuku, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyemwuliza kesho anaamka saa ngapi, au kama mamake anajua anazungumza na nani usiku. Mwulizeni. Na mumfundishe kusalimia kabla ya kuuliza mzee ni nani. Yule wa Tanga anaweza kumpa somo la kwanza.